Kampuni yetu imelala tangu 2021. Tuifunge vipi?

*"Maître, jambo sana. Mwaka 2015 mimi, yaya yangu (mkubwa wetu) na mdogo wetu tulifungua SARL hapa Lubumbashi, kazi ya kupandisha mizigo toka mpakani Kasumbalesa. Hisa ni 100: yaya 34, mimi 33, mdogo 33. Mimi ndiye meneja. Mwaka 2021 lori letu lilianguka, tukaliuza kama vyuma, na tangu hapo hatukuingiza hata faranga moja. Hatukwenda popote kusema tumefunga. Tulifikiri kampuni isiyofanya kazi inajifunga yenyewe. Yaya sasa anaishi Kitwe, upande wa Zambia. Mwezi uliopita ilikuja barua ya DGI, idara ya kodi, ikidai kodi za miaka yote hiyo. Shofere wetu, aliyeanza nasi 2016, tunamdai—samahani, anatudai mishahara ya miezi mitatu, na mwenye parking ya Kampemba naye anatudai. Rafiki ameniletea mtu anayetaka kununua 'karatasi' za kampuni kwa dola 1,500. Anasema hata barua ya DGI itakuwa juu yake. Mwingine ananishauri nijiuzulu umeneja nikae kimya. Mama yetu halali usiku, anaogopa watakuja kukamata nyumba yake ya Katuba. Tufanye nini?"*

Ndugu yangu, nianze na mama, kwa sababu ndiye asiyelala. Mwambie leo hii: nyumba iliyoandikwa kwa jina lake haina uhusiano na deni la kampuni yenu. SARL ni mtu wa peke yake mbele ya sheria. Ina jina lake, mali yake na madeni yake, na ninyi wenye hisa mnabeba hasara hadi kiasi mlichoweka ndani, basi. Hiyo ndiyo maana ya zile herufi mbili za mwisho, "responsabilité limitée". Swali moja tu umuulize kwa upole: je, mwaka wowote kati ya ile, aliwahi kusaini karatasi benki au kwa mkopeshaji, akaiweka nyumba kama dhamana ya lori? Kama hakusaini, alale. Kama alisaini, nenda na nakala ya karatasi hiyo kwa mwanasheria kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha toa hati ya RCCM, yaani rejista ya biashara, kwenye faili uitazame kwa macho yako mwenyewe. Ndani ya namba, baada ya mwaka, kuna herufi moja: A au B. B ni kampuni. A ni mtu binafsi anayefanya biashara kwa jina la "Ets". Nalisema hili kwa sababu karibu kila mwezi mtu anaketi mbele yangu akisema "société yangu", nami nikifungua faili nakuta A. Huyo njia yake ni fupi: ndani ya mwezi mmoja tangu aache kazi anapaswa kuomba afutwe kwenye rejista, na hakuna ufilisi wa kufanya, yaani kukusanya mali na kulipa madeni ya kampuni kabla ya kuifuta. Lakini ubaya wake ni kwamba madeni yote ni yake mwenyewe, hadi kiti anachokalia. Wewe umeandika SARL na hisa za watu watatu, kwa hiyo nategemea utakuta B. Yote yanayofuata ni kwa ajili ya B.

Sasa, kwa nini kampuni haikujifunga? Kwa sababu haikuzaliwa siku lori liliponunuliwa. Ilizaliwa siku ilipoandikwa kwenye rejista. Na inakufa mahali pale pale ilipozaliwa. Tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwezi wa Septemba 2012, sheria ya kampuni zetu ni ile ile inayotumika Dakar na Douala, na inasema wazi: kuvunjwa kwa kampuni hakuna nguvu kwa watu wa nje mpaka kuandikwe kwenye RCCM. DGI haikuliona lori lenu likianguka. Wanachokiona ni namba yenu ya kodi ikiwa hai, na chini yake safu ya mashimo: tarehe 15 ya kila mwezi mahali ambapo TVA (kodi ya ongezeko la thamani) na kodi ya mishahara zingetangazwa, na 30 Aprili ya kila mwaka mahali ambapo faida ingetangazwa. Kampuni isiyotangaza, sheria inaruhusu idara ikadirie yenyewe. Ndicho kilichotokea kwenu.

Barua hiyo basi ina vitu viwili vilivyochanganyika, na kazi ya kwanza ni kuvitenganisha. Kuna sehemu ya makadirio, ambapo mtu wa ofisini aliweka mauzo ambayo hamkufanya. Hiyo inapingwa. Na kuna sehemu ambayo pengine ni deni la kweli: adhabu za kutotangaza, pamoja na kile kiwango cha chini cha kodi ambacho hata kampuni iliyosimama inatozwa maadamu haijafutwa kwenye rejista. Watu wengi hukasirika nikiwaambia hivi. "Maître, tutalipaje kodi ya kazi ambayo haipo?" Naelewa hasira hiyo. Lakini tangazo la sifuri linapaswa kupelekwa, na kukaa kimya hakuhesabiwi kama sifuri.

Andika juu ya barua, kwa kalamu, tarehe uliyoipokea. Muda wa kulalamika unahesabiwa toka siku ile, na ukipita, hata makadirio ya uongo yanageuka kuwa deni. Jibu kwa maandishi, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ambatanisha kila kitu kinachoonyesha kwamba magurudumu yalisimama: karatasi ya polisi ya ajali, hati ya mauzo ya vyuma, taarifa za benki za 2021 hadi leo, karatasi ya mwisho ya mpakani yenye jina la kampuni. Peleka matangazo yaliyochelewa, mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka. Kwa kile kitakachobaki, omba kwa barua kulipa kwa awamu. Usiende na maneno matupu, na usimpe mtu pesa mkononi "amalize faili". Faili iliyomalizwa hivyo hufunguliwa tena na mwingine, nawe huna risiti.

Hapa lazima nikuulize jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Umesema tangu 2021 hamkuingiza hata faranga moja, lakini umesema pia kwamba mliuza vyuma vya lori. Lori lilikuwa la nani? Kama karatasi zake zilikuwa kwa jina la kampuni, pesa ya vyuma ilikuwa ya kampuni, na mauzo hayo yanatangazwa. Na je, pesa hiyo ilienda wapi? Simlaumu mtu, ndugu watatu waliopoteza lori wana haki ya kuchoka. Ila kama mliigawana ninyi watatu wakati shofere na mwenye parking hawajalipwa, huo ni ufa kwenye ukuta niliousifu pale juu. Wenye hisa hawagawani kitu kabla wadai hawajalipwa. Mdai akithibitisha kwamba mligawana, anaweza kumrudia kila mmoja kwa kile alichochukua, na wewe kama meneja unaweza kuulizwa kwa mali yako mwenyewe. Dawa yake ipo: pigeni hesabu, kila mmoja arudishe fungu lake kwenye akaunti ya kampuni, na pesa hiyo ianze kulipa madeni. Ikirudi kabla ya kesi, mara nyingi kesi haizaliwi.

Twende kwa mnunuzi wa dola 1,500. Nataka ulitazame jambo hili taratibu, maana linaumiza watu wengi Lubumbashi. Kwa nini mtu anunue kampuni isiyo na lori, isiyo na wateja, yenye deni la kodi? Anachonunua ni umri wake. Kampuni ya 2015 inaonekana na heshima kwenye zabuni kuliko ya mwezi jana, na namba yake ya kodi inaweza kupitisha mizigo mpakani. Ninyi mtampa muhuri, karatasi zenye kichwa cha kampuni, statuti (katiba ya kampuni) na nakala za vitambulisho vyenu, naye atawapa bahasha. Siku ile rejista haitabadilika hata mstari mmoja. Mwaka unaofuata, kontena likikamatwa Kasumbalesa na karatasi za uongo, jina litakalosomwa kama meneja ni lako. Nilimpokea mzee mmoja aliyefanya hivyo. Alikuwa amesahau hata kwamba aliwahi kuwa na kampuni, mpaka alipoletewa wito nyumbani asubuhi, wajukuu wakiwa wanajiandaa kwenda shule. Alikuja biro kwangu na ile karatasi imekunjwa mara nne ndani ya kitambulisho cha uchaguzi, mkono ukitetemeka. Tulihangaika karibu miaka miwili kuonyesha kwamba saini za miaka ile hazikuwa zake.

Kuuza kampuni yenyewe si kosa. Kuna njia halali, nayo ni kuuza hisa: hati ya maandishi kati yenu na mnunuzi, ridhaa ya wenye hisa kama sheria inavyotaka, mkutano unaomteua meneja mpya, statuti kurekebishwa, na mabadiliko yote kuandikwa RCCM kisha kujulishwa DGI na benki. Mwambie mnunuzi wako kwamba uko tayari kwa njia hiyo, na kwamba pesa itapokelewa siku rejista itakapoonyesha jina lake. Sikiliza atajibu nini. Akikubali, tuandae hati. Akisema "hapana, tufanye kindugu tu", umeshapata jibu lako. Na ile ahadi kwamba barua ya DGI itakuwa juu yake: deni ni la kampuni, litamfuata yeye akiwa na hisa kweli. Lakini makosa ya miaka ya umeneja wako yanabaki yako, hata hisa zikiuzwa.

Kujiuzulu umeneja na kunyamaza, hilo ni fupi. Barua ya kujiuzulu haifungi kampuni. Inaiacha kampuni hai bila mtu wa kujibu barua, na adhabu zinaendelea kukua.

Njia ninayokushauri ni kuivunja kampuni kwa hiari na kuifilisi kwa utaratibu. Mlango wa kwanza ni mkutano mkuu usio wa kawaida, na hapa hesabu ya hisa zenu ina maana kubwa. Kuvunja SARL ni sawa na kubadilisha statuti: inahitaji wenye hisa wanaoshika angalau robo tatu ya mtaji. Wewe na mdogo wako mna 66 kwa 100. Hazitoshi. Mkisaini wawili mkaenda kwa karani wa Mahakama ya Biashara, mtarudishwa, au vibaya zaidi, mtapokelewa, kisha yaya aje kuuvunja uamuzi wenu baadaye. Kwa hiyo mpigieni simu Kitwe. Si lazima asafiri. Anaweza kumpa mmoja wenu barua ya uwakilishi inayotaja tarehe ya mkutano na maswali yatakayoamuliwa, yenye saini yake ya asili iliyothibitishwa. Picha ya WhatsApp haitoshi, hata kama wote tunajua ni mwandiko wake. Na kama ninyi ndugu mna ugomvi, akakataa kabisa au akapotea, kuna mlango wa pili: mwenye hisa yeyote anaweza kuiomba mahakama ivunje kampuni kwa sababu za haki, kwa mfano kutoelewana kunakozuia kampuni kwenda. Ni njia ndefu na ya gharama. Simu ya jioni moja na yaya ni nafuu kuliko yote.

Mkutano huo unaamua mambo mawili: kampuni imevunjwa, na fulani ndiye mfilisi, yule ambaye kwenye karatasi za Kifaransa ataitwa "liquidateur". Anaweza kuwa wewe, ndugu yako, au mtu wa nje. Kwa kampuni ndogo kama yenu, isiyo na mali, sioni ubaya wewe kuwa mfilisi kama ndugu zako wanakuamini na mhasibu yuko kando yako. Muhtasari wa mkutano unapelekwa RCCM, tangazo linatoka kwenye gazeti linaloruhusiwa kupokea matangazo ya sheria, na toka siku hiyo kila karatasi ya kampuni, hata barua ya mistari miwili, inabeba maneno "société en liquidation" na jina la mfilisi. Watu husahau jambo hili dogo. Lina kazi yake: anayepokea karatasi anajua anazungumza na kampuni inayofungasha vyombo.

Kampuni bado haijafa hapo. Inabaki hai kwa ajili ya kazi moja tu, kumaliza mambo yake. Mfilisi anakusanya inachodaiwa, anauza kilichobaki, analipa madeni. Mshahara wa shofere uko mbele kwenye foleni. Na usihesabu miezi mitatu peke yake: kama hamkumwandikia barua ya kumaliza mkataba, ana haki ya notisi. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima. Kama alifanya kazi miaka mitano kamili, ni siku 49. Ongeza likizo ambazo hakuchukua na cheti chake cha kumaliza kazi. Inawezekana mtu atakunong'oneza kwamba muda wa shofere kudai mahakamani umeshapita. Mimi ningemlipa. Alilala chini ya lori lile kwenye foleni ya Kasumbalesa mkiwa ninyi mmelala kitandani, na kumaliza naye kwa maandishi, mbele ya mkaguzi wa kazi, kutawafungulia pia faili ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako michango yake inapaswa kuwa kamili kabla hamjaomba kufungwa.

Mwenye parking, muulizeni kama mlimrudishia eneo kwa barua. Mkataba usio na mwisho maalum unahitaji notisi ya miezi sita. Msipotoa, anaweza kuwaambia mita bado inazunguka. Mara nyingi mtu wa namna hii anakubali kiasi cha kumaliza, mkisaini karatasi.

Akaunti ya benki iwe ya mwisho. Nimewaona watu wakiifunga wiki ya kwanza kwa kuogopa makato ya mwezi, halafu wanashindwa kuonyesha DGI malipo yalitoka wapi.

Madeni yakiisha, mfilisi anaandaa hesabu za mwisho na kuwaita wenye hisa. Wanazipitisha, wanampa mfilisi cheti cha kumwachilia mzigo, na kutamka kwamba ufilisi umefungwa. Hesabu zinawekwa kwa karani, tangazo la mwisho linatoka, na ndani ya mwezi mmoja mfilisi anaomba kampuni ifutwe. Karatasi ya kufutwa ndiyo cheti cha kifo. Peleka nakala yake DGI ili namba ya kodi izimwe, CNSS vile vile, na kila ofisi ya jiji au ya jimbo iliyokuwa ikikutumia karatasi za bango au za gari. Yote haya sheria inayapa miaka mitatu toka kuvunjwa; ikipita, mwendesha mashtaka au yeyote mwenye maslahi anaweza kuipeleka mahakamani. Kwa faili kama yenu, miezi kadhaa inatosha kama DGI mmemalizana nayo mapema. Vitabu na risiti mvihifadhi miaka 10, kwenye sanduku la bati, mbali na panya na mvua. Wenye hisa wanaweza kudaiwa bado kwa miaka 5 toka kuvunjwa kulipotangazwa, na sanduku hilo ndilo litakalowajibia.

Haya yote yana sharti moja: kampuni iwe na uwezo wa kulipa madeni yake, au ninyi muwe tayari kuijazia. Kama baada ya kupunguza makadirio ya DGI deni bado ni kubwa kuliko chochote mnachoweza kukusanya, mfilisi wa hiari hana ruhusa ya kuchagua nani alipwe na nani aachwe. Hiyo ni hali ya kushindwa kulipa, na meneja anapaswa kuitangaza kwa Mahakama ya Biashara ndani ya siku 30. Mahakama ndiyo itakayoteua mtu wake. Si aibu wala si jela, mradi vitabu vyako ni vya kweli. Jela inakaribia pale mtu anapoficha mali.

Kuna wanaoniuliza kama si afadhali kuiacha kampuni ilale. Ningekubali kama ungeniambia lori jingine linakuja mwaka huu na mkataba uko mezani. Hapo mnapeleka matangazo ya sifuri kila mwezi, mnafanya mkutano wa kila mwaka, na mnabeba gharama hiyo mkijua mnabeba nini. Wewe hukuandika neno lolote linaloonyesha mnataka kurudi barabarani.

Usije peke yako kwa mwanasheria au mhasibu, na usije na simu tupu. Njoo na mdogo wako, na barua ya DGI yenye tarehe, hati ya RCCM, statuti, namba ya kodi, karatasi ya ajali, hati ya vyuma, mkataba wa shofere kama upo, na taarifa za benki. Kabla ya siku hiyo, mpigie yaya, na umjibu yule mnunuzi kwamba muhuri hauuzwi. Muhuri wenyewe uchukue tena toka kwa rafiki yako kama umeshamwachia, jioni hii hii.